Simu moja, darasa zima: namna ya kutumia akili mnemba kwenye kisomo cha watu wazima

Kwenye kisomo, shida kubwa huanza pale kitabu cha kuanzia kinapoisha. Mama ameshajua silabi, anasoma jina lake na jina la kijiji chake, halafu hakuna cha kusoma kinachomfaa. Vitabu vya darasa la pili vina hadithi za sungura na watoto wanaopiga mswaki. Gazeti ni gumu, herufi zenyewe ndogo. Anakaa miezi bila kusoma, silabi zinapotea, na mwaka unaofuata anarudi kuanza na a-e-i-o-u. Nililiona hili nilipokuwa nafundisha shule ya msingi hapa Kilosa, Morogoro, na naliona sasa ninaposimamia darasa la jioni la watu wazima.

Akili mnemba, yaani hizi programu kama ChatGPT na Gemini, imenisaidia hapo kuliko mahali pengine popote. Naweza kupata andiko jipya, la kiwango cha mtu fulani, linalohusu kazi ya mtu huyo, kabla ya kipindi cha kesho. Ninayoandika hapa ni kwa mwezeshaji mwenzangu mwenye simu janja moja na bando dogo, ambaye wanakisomo wake wengi wana viswaswadu, yaani simu ndogo za vitufe, au hawana simu kabisa.

Usisubiri kila mtu apate simu

Wapo wanaosema teknolojia hii itawafaa watu wa mjini tu, wenye simu nzuri. Mimi nawakumbusha mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya, ya elimu ya afya kwa njia ya redio, iliwafikia Watanzania wapatao milioni mbili, na wengi wao hawakuwa na redio. Redio moja iliwekwa katikati ya kikundi. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kufuatilia. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, wakaondoka na azimio, na vyoo vikachimbwa. Miaka mitatu kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchi ambayo mwaka 1967 ilikuwa na watu wazima takriban 67 kati ya kila 100 wasiojua kusoma na kuandika, ilifika mwaka 1986 ikiwa na takriban 10 tu.

Mpangilio ule ndio ninaoutumia. Simu inakaa kwangu. Kinachofika kwa mwanakisomo ni karatasi, sauti na mazungumzo ya darasani. Ukishakubali hivyo, gharama inakuwa ndogo: toleo la bure la programu linatosha, na siku likikwambia umefikia kikomo, unaendelea kesho yake. Andaa kazi ya wiki nzima kwa mkao mmoja, mahali penye mtandao mzuri, halafu peleka steshenari wakutolee kopi.

Chukua maneno kwa mwenye maneno

Hatua ya kwanza haina simu. Kaa na mwanakisomo mmoja umuulize kazi yake inavyokwenda tangu asubuhi. Mwombe ruhusa, kisha rekodi au andika anavyosema, bila kumsahihisha. Kwetu alianza mama anayeuza vitumbua stendi. Maelezo yake yalikuwa ya dakika chache tu, nikayaandika kwenye programu kama alivyoyasema, nikaomba kisa kifupi cha mtu mzima anayeanza kusoma.

Jibu la kwanza lilianza hivi: «Asubuhi na mapema, mwanamke jasiri aliamka akiwa na matumaini tele moyoni mwake.» Mtajionea wenyewe, hizi programu hupenda sana sifa za namna hiyo. Mama wa vitumbua hakusema habari za matumaini. Alisema anaamka saa kumi, na mchele ameshauloweka tangu jana. Basi usilipokee andiko la kwanza. Mwambie akili mnemba hivi, na unaweza kuyanakili maneno haya yalivyo:

«Tumia maneno yake mwenyewe. Usiongeze sifa wala mafunzo. Aseme yeye, 'mimi'. Kila sentensi isizidi maneno matano. Kila sentensi mstari wake. Tumia Kiswahili cha Tanzania cha kila siku.»

Likaja hili, nami nikalirekebisha kidogo kwa kalamu:

Naamka saa kumi.
Nawasha jiko.
Mchele umelowa tangu jana.
Nasaga mchele na nazi.
Natia hamira na sukari.
Nasubiri uumuke.
Nachoma vitumbua.
Kimoja shilingi mia mbili.

Mistari minane. Mwenye kisa aliisoma yote siku ileile, kwa sababu alijua neno linalofuata kabla jicho halijalifikia. Hapo ndipo kusoma kunapokamata: mtu anakisia, anatazama, anaona amepatia. Vitabu vya kisomo vya zamani vilitambua hilo. Mradi wa majaribio wa kanda ya ziwa, ule wa mwaka 1968 hadi 1972 chini ya UNESCO, ulitoa vitabu vya pamba, vya migomba, vya ng'ombe, vya uvuvi, ili mkulima asome kuhusu kazi anayoifanya. Tofauti ya leo ni kwamba huhitaji mtambo wa kuchapa wala kusubiri miezi. Unaweza kuwa na kitabu cha vitumbua, cha bodaboda, cha ufugaji wa kuku, cha kushona, vyote ndani ya darasa moja.

Ukishalipata andiko moja zuri, omba matoleo mengine mawili ya kisa hichohicho: moja la anayesoma kwa shida, moja la anayesoma vizuri lenye aya kamili. Darasa la watu wazima lina viwango vitatu ndani ya chumba kimoja, na aibu ya kupewa kazi ya «wadogo» inawatoa watu. Kisa kikiwa kimoja, wote wanajadili pamoja, na hakuna anayejua jirani yake amepewa karatasi ipi.

Jambo la macho lisisahauliwe. Wengi waliovuka miaka arobaini hawaoni herufi ndogo za karibu, na huwa wanadhani ni akili ndiyo imegoma. Chapa kwa ukubwa wa 24, nafasi kati ya mistari iwe pana. Ukiweza, andika pia kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila uibandike ukutani.

Kwa wanaoanza kabisa, shika penseli

Hapa programu ni dhaifu na lazima ujue udhaifu wake. Ukimwambia atumie silabi ulizofundisha tu, mathalani ma, ka, la, na, ta, ba pamoja na irabu a, atakujibu kwa furaha kwamba amefanya hivyo, kisha anakuandikia «Mama anauza nazi». Kuna u, kuna za ambayo hujafundisha, kuna zi. Mwanakisomo akifika hapo anakwama na anajiona mjinga, kumbe karatasi ndiyo yenye kosa.

Pitia kila neno kwa penseli, uzungushie silabi isiyofundishwa. Mrudishie: «Neno anauza lina u na za. Neno nazi lina zi. Ondoa.» Mara nyingi ni haraka zaidi kuandika mwenyewe: Kaka ana bata. Bata analala. Mama ana kata. Kinachofaa kumwomba kwa kiwango hiki ni orodha ya maneno mengi kwa mpigo, nawe ukachagua machache yanayokubalika.

Hesabu za pochi

Kisa cha vitumbua kilituzalia somo la hesabu. Nilimuuliza mama matumizi yake ya siku, tukayaorodhesha ubaoni: mchele kilo mbili shilingi 5,600, nazi mbili 2,000, sukari nusu kilo 1,500, hamira na iliki 500, mafuta 1,000, mkaa 1,000. Darasa likajumlisha: 11,600. Anatoa vitumbua 80, kwa 200 kimoja ni 16,000. Kinachobaki ni 4,400. Palikuwa na kimya, kisha mabishano marefu: je, vitumbua vinavyoliwa na watoto nyumbani vihesabiwe? Na nauli ya bajaji je? Sijawahi kuona kujumlisha kukibishaniwa hivyo kwa kutumia mazoezi ya kitabuni.

Baada ya hapo mwombe akili mnemba mazoezi kumi ya mtindo huohuo, ya biashara tofauti, namba zikiwa za kawaida za sokoni kwenu. Mpe bei wewe mwenyewe. Usipompa atabuni, na bei ya uongo inaharibu somo zima, kwa kuwa wanafunzi hawa bei wanazijua kuliko wewe. Vipimo pia. Niliomba hesabu za mahindi, likaja debe la kilo kumi. Debe la mahindi linakwenda kilo 18 hadi 20, na wakulima waliokuwa mbele yangu walilikataa kabla sijamaliza kusoma swali. Nililiacha kosa lile ubaoni makusudi. Tukakokotoa gunia halali lisilozidi kilo 100, kisha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na mkulima anapoteza kiasi gani kila anapokubali kufungiwa lumbesa. Piga majibu yote kwa kikokotoo cha simu kabla ya kutoa kopi. Programu hizi hueleza hatua vizuri, ila katikati ya hatua zinaweza kukosea kuzidisha.

Ujumbe wa simu

Ukiuliza darasa langu wanataka kusoma nini kwanza, jibu linalorudi ni ujumbe wa muamala. Wanachoka kumpa mtoto wa jirani simu awasomee habari za fedha zao. Basi tengeneza ujumbe wa mfano. Mwambie akili mnemba aandike jumbe nane fupi za kupokea na kutuma pesa, majina na namba ziwe za kubuni, na kati yake tatu ziwe za matapeli: ile ya «ile hela tuma kwenye namba hii», ile ya umeshinda zawadi, ile ya pesa imeingia kwa makosa. Kazi ya darasa ni kutenganisha. Wanasoma nani katuma, kiasi gani, salio limebaki ngapi, kisha wanasema kwa nini ujumbe fulani wanautilia shaka.

Usipige picha ujumbe halisi wa mtu ukaupeleka kwenye programu. Hali kadhalika kadi ya kliniki, kitambulisho cha NIDA, daftari la VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) lenye majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtu mzima aliyekuamini kukuonyesha salio lake hakukupa ruhusa ya kulipeleka kwingine. Badilisha majina, futa namba, ndipo uandike.

Asiyesoma asikie

Programu nyingi sasa zinapokea sauti na kujibu kwa sauti kwa Kiswahili. Kwa mtu ambaye bado hajui kusoma hili ni jambo kubwa; kwa mara ya kwanza anauliza swali lake bila mtu wa katikati. Weka muda kila kipindi ambapo simu inazunguka na kila anayetaka anauliza swali moja. Wazee wanaoongea kwa lafudhi nzito hawasikiki vizuri, kwa hiyo rudia swali lao kwa sauti yako badala ya kumwambia bibi aongee upya mara tatu mbele ya watu.

Weka mpaka mapema. Dawa za binadamu, vipimo vya viuatilifu, mgogoro wa kiwanja, hayo hayaamuliwi na simu. Tunayasikiliza majibu, tunayaandika kama maswali, na tunamwita mhudumu wa afya, afisa ugani au mtendaji wa kijiji aje ayajibu. Hilo limewavuta wataalamu darasani kuliko barua zote za mwaliko, kwa maana wanakuta watu wameshajiandaa na maswali ya maana.

Kwa masomo ya nyumbani, soma wewe mwenyewe andiko la wiki polepole, urekodi, uliweke kwenye memori kadi. Viswaswadu vingi vinapiga sauti kutoka kwenye memori kadi. Mtu anakaa na karatasi yake jioni, anafuata kwa kidole huku anasikia sauti anayoijua. Nimejaribu sauti ya mashine kwa kazi hii na siipendekezi kwa wanaoanza: mkazo wa maneno unakosewa hapa na pale, nao ndio kwanza wanajifunza kuoanisha herufi na mlio.

Wanaotafuta QT

Kundi la pili nililo nalo ni la waliomaliza darasa la saba na waliokatiza sekondari. Wamo wasichana walioacha shule kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu kurudi, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawapokea kwa njia yake, ila si kila mmoja ana wa kumwachia mtoto. Wengi wanalenga Mtihani wa Maarifa, QT, ambao ukifaulu unakupa nafasi ya kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Ugumu wao ni wa aina moja. Walisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na mtihani ulio mbele yao kwa sehemu kubwa ni wa Kiingereza. Kijana anajua kabisa kwa nini mboga iliyotiwa chumvi inatoa maji, amepika maisha yake yote, lakini swali la osmosisi linamshinda kwenye mstari wa kwanza. Kwa hawa akili mnemba ni msaada wa kweli, na wenye simu janja watumie wenyewe. Nawafundisha utaratibu huu, kwa mfuatano:

Chukua swali moja la mitihani iliyopita, ambayo Baraza la Mitihani, NECTA, huiweka kwenye tovuti yake. Mpe programu, uandike: «Nieleze swali hili linataka nini, kwa Kiswahili rahisi. Usinipe jibu.» Jibu kwanza kwa Kiswahili, kwa kichwa chako. Mwambie: «Hili ndilo jibu langu. Niambie palipopungua, niulize swali moja tu la kunisaidia.» Jibu likishakamilika kwa Kiswahili, omba msaada wa kuliandika kwa Kiingereza cha sentensi fupi unazoweza kuzikumbuka. Mwisho funga simu, uandike lote upya kwenye daftari bila kutazama.

Hatua ya kufunga simu ndiyo wanayoiruka. Mtu anasoma jibu zuri, analielewa, anadhani analijua. Mimi nakagua daftari, simu siikagui, na daftari lisilo na makosa hata moja linanipa wasiwasi.

Kwa historia na uraia wawe waangalifu zaidi. Programu inaweza kutaja mwaka au jina kwa kujiamini kabisa na likawa si kweli. Sharti langu ni kwamba tarehe na majina yote yatoke kwenye kitabu cha kiada, na akili mnemba itumike kueleza sababu na kuuliza maswali. Pia itakuandikia «shule ya upili» na «tarakilishi», maneno ya Kenya, badala ya «sekondari» na «kompyuta». Kumbusha kila mara kwamba uko Tanzania.

Mambo ya kutunza

Fungua daftari moja la maagizo. Agizo lililokupa andiko zuri liandike neno kwa neno, pamoja na kiwango cha darasa, maana usipofanya hivyo wiki ijayo utaanza kuhangaika upya. Kila andiko lililopita darasani weka kopi moja safi kwenye faili, ukiandika juu yake ni la kiwango gani na wapi watu walikwama. Baada ya muda unakuwa na maktaba ya kijiji ambayo haikununuliwa, na mwenye kisa akitaka jina lake liandikwe juu, liandike. Kwetu wengi wanataka, na wanapeleka nakala nyumbani kuwasomea wajukuu.

Mwonyeshe faili hilo Afisa Elimu Kata na mratibu wa elimu ya watu wazima wa wilaya. Omba kitu kimoja kinachowezekana: kopi kutolewa kwenye mashine ya shule, rimu ya karatasi kila muhula, au nafasi ya kukutana na wawezeshaji wa kata jirani mkabadilishana maandiko. Andiko la mwani halitawafaa sana watu wa Kilosa, ila la kuku, la VICOBA na la ujumbe wa matapeli linafaa popote, na agizo lililolizaa linaingia kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp.

Kama unaanza wiki hii, anza na mwanakisomo mmoja, kisa cha mistari minane na kopi za kutosha darasa lako. Mchague aliye karibu kukata tamaa.